Mlio na Sentensi: Sauti na Thamani ya Mtu katika Filamu ya Gerald McBoing-Boing

Mwaka 1950 kampuni ya wachoraji wa Marekani iliyoitwa United Productions of America, na kujulikana zaidi kwa kifupi chake UPA, ilitoa filamu ya katuni ambayo haifiki hata dakika kumi. Filamu hiyo yaitwa Gerald McBoing-Boing. Mwelekezi wake alikuwa Robert Cannon. Hadithi ni ya Theodor Geisel, ambaye wasomaji wa vitabu vya watoto humjua kwa jina la Dr. Seuss, na muziki ulitungwa na Gail Kubik. Ilipata tuzo ya Academy ya filamu fupi ya katuni ya mwaka huo, na mwaka 1995 Maktaba ya Kongresi ya Marekani iliitia katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Husifiwa zaidi kwa michoro yake, na sifa hizo inastahili. Hata hivyo sauti, ambayo ndiyo kiini cha hadithi nzima, mara nyingi huachwa ipite kama kichekesho tu. Kwa mtu anayeshughulika na lugha za Kiafrika, na hasa yule aliyepata kuumiza kichwa juu ya mahali pa viigizi katika sarufi, sauti hiyo ina mengi ya kusema.

Hadithi ni nyepesi. Gerald McCloy ni mtoto wa miaka miwili. Siku ya kuanza kusema inapowadia, kinywani mwake halitoki neno bali mlio: boing, boing, kama springi ya kitanda iliyofyatuka. Baba anashtuka na kukimbilia simu kumwita daktari, na daktari anakiri kwamba ugonjwa huo hana dawa yake. Milio inazidi kukua na kuwa mingi. Mtoto anapelekwa shuleni, shule inamrudisha nyumbani. Anataka kucheza na wenzake, nao wanamkimbia baada ya kumbandika jina jipya linalotokana na kelele zake. Usiku anatoroka kwao, na yu karibu kudandia gari moshi aende asikokujua, ndipo anapozuiwa na bwana mmoja, mwenye kituo cha redio, ambaye amekuwa akimtafuta mtu wa namna hiyo hasa. Gerald anaajiriwa atoe milio ya michezo ya redio. Anapata fedha na sifa, na wazazi waliomwonea haya sasa wanamwonea fahari.

Kwa muhtasari huo filamu yaelekea kuwa ngano ya faraja: kilema kimegeuka kipawa. Ndivyo inavyosomwa na wengi. Usomaji huo si wa uongo, ila unaruka swali ambalo filamu yenyewe inalibeba tangu mlio wa kwanza. Je, Gerald amepungukiwa na nini hasa? Sauti anayo, tena nyingi kuliko mtu mwingine yeyote katika hadithi. Masikio anayo. Nia ya kusema anayo vilevile: mchoraji amemfanya afungue kinywa kwa imani kamili, na kumtazama anayesema naye usoni akingoja jibu. Hadithi hii ilikuwa kwanza santuri ya watoto kabla ya kuwa filamu, na msikilizaji wa santuri alikuwa na mlio peke yake. Filamu imemwongezea uso. Mtazamaji aonapo uso ule hawezi tena kudai kwamba mtoto anafanya fujo. Mtoto anasema.

Hapa ndipo elimu ya viigizi inapofaa. C. M. Doke, katika kitabu chake cha istilahi za isimu ya Kibantu cha mwaka 1935, alivitenga viigizi kuwa aina ya neno iliyo kamili, inayoeleza tendo au sifa kwa namna yake, sauti yake, rangi yake au nguvu yake. Mswahili hahitaji Doke ili ajue hivyo. Mtu huanguka pu! na hutumbukia majini chubwi! na akiangukia matopeni ni tapwi! Hulala fofofo, hunyamaza ji, na giza likiingia huwa totoro. Mifano mitatu ya mwisho yaonyesha kwamba jambo hili si la kuiga kelele peke yake, maana usingizi na giza havilii. Kiigizi ni njia ya kumleta msikilizaji karibu na tukio mpaka alione, alisikie au aliguse, mahali ambapo kitenzi peke yake kingemwarifu tu kwamba tukio lilikuwapo.

Lakini tazama jinsi kinavyoishi. “Pu” huja baada ya “alianguka.” Kitenzi ndicho kilichobeba mtenda na wakati, kiigizi huja kukipa nyama. Kikiondolewa, sentensi hubaki ingawa imedhoofika. Kikibaki peke yake, bila muktadha wa kukibeba, msikilizaji atauliza: nani? lini? Ni nadra pia kiigizi kukanushwa. Mtu akisema kwamba fulani hakuanguka, mara nyingi hana haja ya kuongeza “pu.” Kwa maneno mengine, kiigizi ni neno lenye nguvu kubwa na uhuru mdogo. Chataka jirani.

Gerald ni mtoto aliyejaliwa “pu” akanyimwa “alianguka.” Hilo ndilo lililompungukia, na ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwenye milio pekee hawezi kukana wala kuuliza, hawezi kuahidi, na hawezi kutofautisha jana na kesho. Zaidi ya yote hawezi kusema “mimi.” Filamu ihusuyo thamani ya nafsi imemchagua mhusika ambaye lugha yake haina nafsi ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Haielekei kuwa Geisel alikuwa akifikiri juu ya sarufi ya Kibantu alipobuni mzaha huu. Hata hivyo mzaha umemfikisha mahali pazito.

Yafaa kuongeza kwamba milio ya Gerald si viigizi kwa maana kamili, na tofauti hiyo inaongeza ukali wa hali yake. Ferdinand de Saussure, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alikwisha kuonyesha kwamba maneno ya kuiga sauti nayo hufuata desturi ya lugha. Jogoo wa Mswahili huwika kokoriko, na wa Mwingereza huandikwa kwa namna nyingine kabisa, ingawa jogoo wenyewe ni ndege wale wale. “Chubwi” ni Kiswahili, kwa konsonanti zake na irabu ya mwisho. Gerald hapiti njia hiyo. Yeye haigi sauti ya kitu kwa fonimu za watu wake. Anaitoa sauti ya kitu chenyewe. Hivyo hana hata kile kiasi kidogo cha makubaliano ambacho humfanya mtoto wa Pwani asemapo “pikipiki” awe tayari ndani ya lugha. Herufi za boing tunazozisoma katika jina la filamu ni kazi ya watu wengine waliojaribu kumwandika.

Wakubwa wanamjibu kila mmoja kwa kadiri ya kazi yake. Daktari anamsikiliza kama asikilizavyo kifua: anatafuta ugonjwa, na asipouona katika orodha yake anafunga mkoba. Shule inafanya vibaya zaidi, maana kazi yake ni lugha. Msomaji wa Afrika Mashariki hatakosa kukumbuka hapa kile kibao kilichotundikwa shingoni mwa mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya mama shuleni, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na ukombozi wa fikra. Mfano huo unafaa kwa kiasi fulani tu. Mtoto wa Limuru aliyeaibishwa shuleni alirudi jioni katika lugha iliyomngoja, yenye hadithi na watu wa kucheka naye. Gerald akirudishwa nyumbani anarudi penye kimya kile kile alichokiacha asubuhi. Nyumbani kwake ndiko alikokosa lugha kwanza.

Watoto wenzake ndio pekee wanaompa kitu, ingawa wanampa kwa ukatili. Wanampa jina. McCloy ni jina la baba yake. McBoing-Boing ni jina la mlio wake, limewekewa kiambishi cha ukoo mbele yake kana kwamba kelele ni kabila. Katika utani huo mchungu Gerald anaingia kwenye maneno ya watu kwa mara ya kwanza. Mlio wake umekuwa nomino, na ndiyo nomino ambayo hatimaye itaandikwa katika jina la filamu na kushangiliwa. Watungaji wa kejeli hawakujua walilolifanya.

Kuna mtu mmoja, hata hivyo, aliyemsikiliza Gerald kabla ya watoto na kabla ya redio, naye hana mwili katika filamu. Ni msimulizi, ambaye sauti yake ni ya Marvin Miller. Masimulizi yamo katika ushairi wa vina na mizani, na fani hii haikuwekwa kwa ajili ya kupendeza tu. Kila mstari unapofikia maneno ya mtoto, msimulizi huacha pengo lililopimwa, na mlio wa Gerald huingia humo kwa mizani sawasawa, mara nyingine kabla tu ya kina. Mlio umepata jirani. Msimulizi ametoa mtenda na kitenzi, Gerald ametoa kilichobaki, na kwa pamoja wamefanya sentensi kamili ambayo sikio la mtazamaji hulipokea bila shida. Baba anasikia kelele; mtazamaji, dakika hiyo hiyo, anasikia ubeti. Mvutano wa filamu uko hapo. Watu waliomo ndani ya hadithi wanashindwa kufanya jambo ambalo usimulizi wenyewe unalifanya tangu mwanzo, tena kwa urahisi: kuacha nafasi.

Kubik ameifuata njia hiyo katika muziki. Alikuwa mtunzi wa muziki wa ukumbini, aliyepata tuzo ya Pulitzer mwaka 1952 kwa kazi nyingine, na hakuona haya kuutia mlio katika hesabu ya muziki kama ala mojawapo. Baadaye aliifanya kazi hii kuwa kipande cha jukwaani cha msimulizi na ala, ambamo ala za kugongwa zina sehemu kubwa. Mlio ukichezwa na mwanamuziki aliyevaa koti mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, hakuna aitaye daktari.

Juu ya michoro mengi yamekwisha kusemwa, na hapa itatosha kutaja jambo moja. Baadhi ya wasanii wa UPA walitoka katika kampuni ya Walt Disney wakati wa mgomo wa mwaka 1941, na walichoka na desturi ya kuchora kila jani la mti. Katika filamu hii nyumba haina kuta kamili. Kuna kiti, taa, mlango, na baina yake rangi tupu inayobadilika pamoja na moyo wa mtoto. Faida yake kwa sauti ni kubwa. Katika mandhari iliyojaa vitu, mlio hutafuta kitu cha kuangukia: hii ni honi, basi gari li wapi? Katika usuli mtupu hakuna gari. Mlio unabaki kuwa wa Gerald, na jicho halina pa kukimbilia ila usoni pake.

Usiku wa kutoroka ndio sehemu bora ya filamu. Rangi zimekuwa nzito, mtoto amekuwa mdogo zaidi katika picha, na mbele yake lipo gari moshi. Gari moshi ni kitu cha kwanza katika hadithi kinachosema kama yeye. Kelele zake ni za namna ile ile, hazina mtenda wala wakati, na hakuna anayelikasirikia wala kuliitia daktari, maana ni mashine. Mtoto anayewaendea wasemao lugha yake, na wasemao lugha yake wakawa ni chuma na mvuke, hilo ni jambo la kutisha kuliko filamu inavyokubali kukaa nalo. Muda haukuwaruhusu, pengine, au waliogopa kuwaliza watoto. Bwana wa redio anatokea upesi mno.

Kuhusu redio, filamu imefanya uchaguzi wa akili sana. Michezo ya redio ya siku zile ilikuwa na watu waliosimama karibu na kipaza sauti wakigonganisha vifuu vya nazi kuwa kwato za farasi na kutikisa bati kuwa radi. Vitu hivyo peke yake ni takataka. Hupata maana kwa sababu mwigizaji amekwisha kusema kwamba mtu anakuja kwa farasi. Mchezo wa redio, kwa hiyo, ndio mahali pekee katika utamaduni ule ambapo sentensi hutungwa kwa makusudi ikiwa na pengo la mlio. Gerald anaposimama studio na kutoa kwato, risasi na vishindo vya hadithi ya wachunga ng'ombe, hajajifunza lolote jipya. Ni wale wengine waliobadilika. Wamekuja na “alianguka,” wakamwachia “pu.”

Likifikiriwa hivyo, tukio la redio halithibitishi kipaji cha mtoto hata kidogo. Kipaji kilikuwapo tangu kitandani. Linawashtaki waliomlea. Lililofanywa studio lingaliweza kufanywa sebuleni na mama yeyote asimuliaye hadithi: “Simba akanguruma...” kisha anyamaze, amtazame mwanawe. Wazazi wengi hufanya hivyo kila jioni na watoto ambao hawajajua maneno, na wanaisimu wanajua kwamba kupokezana zamu hutangulia msamiati. McCloy na mkewe hawakujaribu hata mara moja. Walingoja neno zima lije, na kila kisichokuwa neno zima walikihesabu kuwa msiba.

Hapo ndipo filamu inapostahili kulaumiwa. Imekwisha kuonyesha, kwa fani yake, kwamba aliyekosekana ni mshirika wa mazungumzo. Halafu katika hadithi yake inamlipa Gerald kwa fedha. Wazazi wanarudi kwake na fahari yao baada ya dunia kumpigia makofi, na hakuna onyesho hata moja ambamo mmoja wao anajaribu kusema naye. Thamani imepatikana sokoni, ikaletwa nyumbani kama mshahara. Yafaa kuuliza basi habari ya mtoto ambaye mlio wake hauna mnunuzi. Wapo wengi, katika kila mtaa na kila kijiji: asemaye kwa kigugumizi, asemaye kwa mikono, asiyesema kabisa. Kwa mantiki ya hadithi, bwana wa redio asingepita usiku ule, daktari na mwalimu wangekuwa wamesema kweli. Kwa mantiki ya fani, wangekuwa wamekosea vile vile. Filamu ina mantiki zote mbili na haikuzipatanisha, wala haielekei kuwa iliona kwamba hazipatani.

UPA walimrudia Gerald mara tatu, na moja ya filamu hizo, ya mwaka 1956, yafaa kutajwa. Humo anachukuliwa na viumbe wa sayari ya Moo, nao wanadhani kwamba hivyo ndivyo wasemavyo watu wote wa duniani. Kwa ufundi ni filamu ndogo kuliko ya kwanza. Lakini wazo lake ni la mwanaisimu: mlio ule ule, bila kubadilishwa, umekuwa lugha mara tu wasikilizaji walipoamini kwamba ni lugha.

Filamu ya mwaka 1950 inaishia na msimulizi, na inaishia kwa kina kile kile ilichoanzia. Mwanzoni msimulizi alitueleza kwamba mtoto alianza kusema, lakini badala ya maneno akatoa boing. Mwishoni anatueleza kwamba Gerald ni tajiri, ana marafiki, anakula akashiba, kwa sababu badala ya maneno hutoa boing. Maneno karibu yote ni yale yale. Kilichobadilika ni kiunganishi: palipokuwa na “lakini” pamekaa “kwa sababu,” na safari nzima ya mtoto, kuanzia kitandani hadi kwenye gari la fahari, imo katika nafasi iliyo baina ya viunganishi hivyo viwili. Gerald mwenyewe hana hata kimoja. Msimulizi anafikia mwisho wa mstari, anaacha pengo kama kawaida yake, na mtoto analijaza.